Gome la Upande wa Korongo

Wiki mbili zilizopita alikuja shuleni kwetu, hapa Mbulu mjini, kijana wa misitu mwenye buti safi na kofia ya njano. Mwalimu mkuu alimwita autazame ule mti mkubwa ulio karibu na madarasa ya watoto wadogo, maana tawi lake moja lilianguka wakati wa likizo. Mimi nilibaki ofisini nikisahihisha madaftari. Miti siiangalii sana, na walimu wenzangu wamezoea kunitania kwamba hawajawahi kumwona mtu wa milimani anayekimbia kivuli. Halafu nikasikia yule kijana akigonga shina kwa nyundo ya mpira. Anagonga, anasogea hatua moja, anagonga tena. Ko, ko, ko. Alipofika upande wa darasa la kwanza sauti ikabadilika, ikawa ya kitu chenye tumbo tupu. Nikaweka kalamu chini. Mti ule umeoza ndani, na mimi nilijua kabla yake, nikiwa nimeketi kwenye kiti.

Wewe tuliyekua pamoja katika baridi ile utanielewa nikikuambia kwamba siku hiyo sikumaliza madaftari.

Kwetu ni juu zaidi ya mjini, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki, kule ambako ukungu hukaa juu ya mashamba mpaka saa nne na mtoto hufika shule sweta limelowa. Wazazi wangu walikuwa vibarua kwenye mashamba ya ngano upande wa Hanang, kwa hiyo nililelewa na bibi, mama yake baba. Nyumba yake ilinuka moshi, samadi na maziwa ya mgando. Asubuhi nilitoa ndama, nikafagia zizi, nikanywa uji wa moto wenye maziwa, nikakimbia. Jioni nilichambua maharage ya makande huku bibi akiuliza shuleni nimefundishwa nini, kisha akisema, bila kusubiri jibu, kwamba hayo yote ni mazuri lakini mbona kuni nilizoleta ni mbichi.

Bibi alikuwa anatazama miti. Sijui niiiteje kazi hiyo kwa namna nyingine. Mtu akihitaji nguzo za nyumba, au akiona mti wake unapukutisha majani kwa wakati usio wake, alikuja kumwita. Hakuwa mganga, na aliyemwita hivyo alikaripiwa, maana Jumapili hakukosa kanisani. Alikuwa na panga kuukuu ambalo alilitumia mgongo wake tu. Aligonga, akaweka sikio, akagonga tena. Alikwangua gome kwa ukucha aone kama chini yake bado kuna kijani. Alinusa. Alichota udongo wa mguuni pa mti akautandaza kiganjani, akitafuta ule unga laini ambao bungua, mdudu anayetoboa mbao, huutema akiwa ndani. Akikuta uyoga umeota kwenye shina alitikisa kichwa kabla hajasema lolote. Uyoga, alisema, ni mgeni anayefika siku ya mwisho. Ukimwona nje, ujue ndani kazi imekwisha.

Alikuwa na maneno yake. Mti hufa kuanzia kileleni lakini huugua kuanzia mguuni. Kidonda kinachoonekana kutoka njiani mara nyingi sicho kinachoua. Na kwa wanaume wenye haraka na shoka alikuwa na moja tu: mti ambao hujauzunguka hujautazama. Watu wa mlima wetu walimsikiliza. Walikata mgonjwa, wakaacha mzima, na ndiyo sababu utotoni mwangu pori lilishuka mpaka kwenye uzio wa mashamba, na sisi watoto tuliokota kuni bila kupanda mbali.

Nilipofika darasa la tatu utando mweupe ulikuwa umeanza kufunika macho yake. Hospitali walimwambia upo upasuaji. Akajibu kwamba kisu ni cha kukatia mboga, si cha jicho, akarudi nyumbani. Tangu hapo nikawa macho yake. Alinishika bega, tukaenda, nami nikasoma mti kwa sauti kutoka juu kwenda chini: kilele, matawi, majani, shina, mguu. Nikiruka kitu alinirudisha juu kabisa nianze upya, hata kama mvua inanyesha. Sikuipenda kazi ile. Wenzangu walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi, mimi nahesabu matawi makavu.

Kulikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta kwingine. Mtazamaji akishauzunguka mti, lazima alete kipande cha gome cha upande wa nyuma, ule upande mgumu kufikika, kidogo tu kisiuumize mti. Bibi alisema naye alidaiwa gome hilo na mama yake alipokuwa mtoto. Alilisugua kwa dole gumba, akalinusa, ndipo akatoa neno. Bila gome la nyuma hakutoa neno, hata mwenye mti awe nani.

Safari pekee niliyoipenda ni ya Hirbadaw, huko chini kwa wafugaji. Mfugaji mmoja mzee, mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa, alikuja mnadani akasikia habari za bibi, akamfuata mpaka nyumbani. Migunga yake mitatu, ile ambayo ng'ombe hupumzika chini yake mchana, ilikuwa inakauka, na watu wa kwake walikuwa wameanza kunong'ona juu ya laana. Tulishuka kwa lori la mahindi, tumekaa juu ya magunia, bibi amefunga kitenge kichwani mara mbili kwa sababu ya upepo, anaimba nyimbo za kanisani. Nilisoma migunga yote mitatu. Vilele vikavu, magome hayana tundu, hakuna unga. Bibi hakugonga hata shina. Alipiga kisigino chake ardhini, akapiga tena hatua chache mbali, akacheka.

"Mzee, hakuna aliyeiloga miti hii," alisema. "Ng'ombe wako wameikanyaga mpaka mizizi inakosa pumzi. Wahamishie kivuli kingine."

"Kwa hiyo tunaiua kwa kuipenda," akasema mzee.

"Haijafa bado. Ipeni nafasi tu."

Mzee alitupatia maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, nikanywa mpaka tumbo likauma. Mwaka uliofuata alituma habari kwamba miwili imechipua. Bibi aliisimulia habari hiyo kwa kila aliyepita, pamoja na wale aliokwisha kuwasimulia.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikikwepa kufika.

Chini kidogo ya nyumba yetu alikaa jirani yetu, mama mjane mwenye binti mmoja wa umri wangu. Binti huyo alikuwa rafiki yangu. Tuliketi dawati moja, tukagawana kalamu na chawa. Nyuma ya zizi lao ulisimama mkenge mkubwa uliotandaza matawi bapa juu ya bati, na upande wake wa pili uliinamia korongo. Jirani aliupenda mti ule. Alikuwa ametundika mizinga miwili juu yake, na ng'ombe wake wa maziwa hakupata jua kali hata siku moja. Lakini majani ya upande mmoja yalikuwa yamepungua, na mvua za masika zilikuwa karibu. Akaja kumwomba bibi: kama ni mgonjwa aukate kabla ya mvua, kama ni mzima aache moyo wake upoe.

Mwezi uliofuata askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na baba alikuwa ameniletea raba nyeupe, viatu vyangu vya kwanza visivyo vya mtumba. Nilikuwa nimekatazwa kuzigusa kabla ya siku yenyewe. Siku ile ya mkenge nilizivaa. Nilizivaa kwa sababu nilitaka rafiki yangu azione, na kwa sababu bibi hakuwa na macho ya kuniona. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa, maana nimeipamba vya kutosha kichwani mwangu.

Rafiki yangu alikuwa jikoni anachoma mahindi mabichi, na mama yake amesimama na bibi upande wa zizi. Nilisoma vizuri kuanzia kileleni. Nikafika mguuni, upande wa mbele, nikasema ni safi. Bibi aligonga pale alipofikia, akainamisha kichwa, akagonga mara ya pili na ya tatu. Sauti haikumridhisha.

"Zunguka," alisema.

Nilikwenda mpaka kwenye ukingo. Chini kulikuwa na utelezi wa udongo mwekundu na majani yale ya kuwasha, na mizizi ya kushikilia. Ningeweza kuvua viatu. Leo nashangaa kwa nini sikuvua. Nadhani niliogopa jirani akiona navivua atasema kwa sauti, "Kumbe umevaa raba mpya," na bibi asikie. Kwa hiyo nilisimama nyuma ya shina kidogo tu, mahali ambapo hawakuniona, nikahesabu kimoyomoyo muda ambao mtu hutumia kuzunguka. Nilikuwa nimezunguka miti mingi, niliujua muda huo. Kisha nikabandua gome la pale nilipofikia mkono, nikarudi nikihema.

Bibi alilisugua gome kwa dole gumba.

"Hili ni la nyuma?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona kavu? Korongoni hakukauki."

"Jua linafika huko sasa hivi, bibi. Tawi moja limeanguka."

Alilinusa. Nilimwona uso wake ukigeuka kwangu na macho yake meupe, na nilijua kwamba anachagua kati ya gome na mimi. Akanichagua mimi.

"Haya," alimwambia jirani. "Mtoto amezunguka. Mti wako una miaka bado."

Jirani alifurahi akatuingiza jikoni, tukala mahindi ya moto yenye chumvi, na rafiki yangu akazitazama raba zangu akasema ni nzuri kuliko za mwalimu. Nilikula mawili.

Mvua zilipoanza zilinyesha bila kupumzika. Siku moja mchana, jirani akiwa ameshuka sokoni, rafiki yangu alipotoka shule aliingia zizini kukamua. Mimi nilikuwa kibarazani nachagua mawe kwenye maharage. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Nilisikia kama mtu anachana shuka kubwa, sauti ndefu, halafu ardhi ikatikisika na kuku wote wakanyamaza. Wanaume walikuja na misumeno. Ng'ombe alikuwa amekufa, na ndama tumboni. Rafiki yangu walimtoa jioni chini ya boriti za zizi, akiwa hai, paja lake limesagika, wakambeba kwa kitanda mpaka barabarani kutafuta gari.

Siku ya kipaimara alikuwa bado hospitali. Nilipita mbele ya askofu na raba zangu nyeupe, na jina lake lilipoitwa kukawa kimya, wakaita linalofuata.

Kesho yake baada ya mti kuanguka bibi alisema nimpeleke. Shina lilikuwa limevunjika juu kidogo ya ardhi. Bibi alitaka kushuka upande wa korongo. Nikanyoosha mkono, hakuushika. Alishuka mwenyewe kwa makalio, akishikilia mizizi, na umri ule. Huko chini kulikuwa na tundu ambalo mbuzi angeweza kulala ndani, na uyoga umepangana pembeni yake kama sahani. Aliingiza mkono mpaka begani akatoa mbao iliyolainika kama ugali uliolala. Aliiminya, akaiacha idondoke, akaingiza mkono tena. Mimi nilisimama juu, miguu mitupu, nikingoja aniite jina langu. Alipopanda alikuwa na tope mpaka magotini. Watu walikuwa wamekusanyika na jirani akiwa katikati yao, amekaa chini.

"Kosa ni langu," bibi alimwambia. "Niliugonga mti huu nikausikia vibaya."

Wiki ile ile alimtoa ng'ombe wetu, yule mmoja tuliyekuwa naye, akaniambia nimswage mpaka kwa jirani nimwache kwenye uzio. Nikaanza kunywa uji mkavu, usio na maziwa. Niliunywa kwa hamu ya mtu anayetaka kuadhibiwa, lakini bibi aliniongezea sukari.

Nilingoja aniulize. Kila jioni nilingoja. Nilikuwa nimeandaa hata maneno, na nadhani angeuliza mara moja tu ningeyamwaga yote. Hakuuliza. Watu waliendelea kuja kumwita, si wengi kama zamani lakini walikuja, na wote aliwajibu jambo moja: amezeeka, watafute mwingine. Mwingine hakuwepo. Yule mzee wa Hirbadaw alikuja na asali, wakakaa kibarazani muda mrefu, akaondoka peke yake. Mimi niliamini kwamba aibu ya mkenge ndiyo iliyomvunja, na kwamba siri yangu nimeizika vizuri. Bibi alifariki nikiwa chuo cha ualimu.

Jumamosi iliyofuata baada ya yule kijana wa misitu kugonga mti wetu, nilichukua pikipiki nikapanda. Pori limekwisha. Watu walipokosa wa kuwaambia mgonjwa ni upi, walikata ulionyooka, na ulionyooka ndio mzima. Wagonjwa walibaki wakaanguka wenyewe, mmoja mmoja. Sasa ni vitunguu saumu na mistari ya mikaratusi mpaka juu, na korongo limekula nusu ya uwanja wa jirani. Jirani mwenyewe alishafariki. Binti yake nilimkuta kibarazani, fimbo imeegemea ukuta, anasuka vitunguu kwa ajili ya soko. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Akanisogezea kigoda.

"Kuna jambo nilipaswa kukuambia tukiwa wadogo," nilisema.

Hakuacha kusuka. "La mkenge?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Hakuna ambaye hakujua," alisema. "Lile tundu, mtu aliyezunguka hawezi kulikosa. Waliokuja na misumeno walijua. Bibi yako alimwomba mama asikutaje, na mama akawaomba wengine. Ndiyo hivyo."

Fikiria miaka yote niliyopita njia ile nikiamkia watu shikamoo, nao wakinijibu marahaba, mwanangu, soma kwa bidii. Mimi nilidhani nawaficha. Kumbe wao ndio walikuwa wananifichia.

"Nilipotoka hospitali nilimfuata bibi yako," aliendelea. "Nikamwambia, mguu umeharibika lakini macho ni mazima, nichukue mimi. Nilikuwa naitamani kazi ile. Wewe ulikuwa unaburutwa, mimi nilikuwa nasikiliza nyuma ya uzio mnavyosoma."

"Akasema nini?"

"Alinishika kichwa. Akasema, 'Nikichukua mtoto mwingine, huyu wangu ataelewa kwamba najua. Sasa hivi anaamini sijui, na hilo ndilo linalomwezesha kulala. Tuache iishie hapa.' Nikarudi nyumbani nikalia kuliko nilivyolia hospitali."

Nilimwomba msamaha. Niliomba vibaya, nikilia, pua inachuruzika, mwalimu mzima. Alimaliza kwanza fundo alilokuwa analisuka.

"Mguu nilikusamehe zamani, tukiwa bado shule," alisema. "Mti ungeweza kumwangukia yeyote. Lakini kile alichokuwa anakijua bibi yako nilikitaka, na kama si wewe angenipa. Hicho bado."

Sikumwomba mara ya pili. Nilikaa naye mpaka jua likashuka, nikamsaidia kutenga vitunguu vilivyooza.

Tangu siku ile najaribu kumkasirikia bibi na sifiki mbali. Angenichapa, angenitaja mbele ya watu wote, ningelia mwezi mmoja nikapona, na leo kungekuwa na mwanamke mwenye fimbo anayezunguka miti ya mlima ule na watu wakimngoja aseme. Badala yake alichukua kila alichofundishwa na mama yake, akakifunga, ili mtoto mmoja apate usingizi. Miaka yote iliyobaki tulilala kitanda kimoja, mimi nimefumba macho nikiamini hajui, yeye kimya pembeni yangu akiamini nimelala.